Nani Alikushika Shingo

Mahabusu, 6 Juni

Bobini, mdogo wangu,

Salamu zangu zikufikie hapo kitandani, na ukiweza kuzisoma mwenyewe nitafurahi sana, maana mara ya mwisho nilipokuona ulikuwa na mpira puani, kola ngumu shingoni, na macho yanakuchezacheza kama ya mtu anayesoma gazeti linalokimbia. Mimi mzima. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimevimba, lakini hivyo vimevimba kwa uso wa mumeo, havinisumbui.

Watu wanasema nilipandwa na wazimu. Ngoja nikueleze mwenyewe kabla hujasimuliwa na wenye kutia chumvi. Jumatatu nilifika wodini saa nne asubuhi, nimetoka ghalani moja kwa moja, vumbi la saruji bado liko masikioni. Daktari yule mama akanieleza kwamba mishipa miwili ya damu nyuma ya shingo yako imechanika kwa ndani, mmoja mpaka pale unapoingia kwenye ubongo. Damu ikaganda kwenye mchaniko, bonge likapanda, likaziba njia. Ndiyo ukapata kiharusi, na wewe una miaka thelathini na miwili tu. Nikamuuliza ni kitu gani kinachana mshipa wa shingo ya mtu anayeshinda amekaa kwenye cherehani. Alitaja mambo mengi. Mimi nilisikia moja, kukabwa.

Nikaja kitandani kwako. Mumeo alikuwa amesimama kushoto kwangu, ameshika kikombe. Nikakuuliza, "Nani alikushika shingo?" Kusema ulikuwa huwezi, na kutikisa kichwa ile kola ilikuzuia. Ukainua mkono. Ukatetemeka, ukazunguka hewani, ukasimama kwake.

Yaliyofuata ni yangu. Nilimkamata ukosi wa shati, nikamtoa mpaka koridoni, nikampigiza ukutani mara mbili. Mkono mmoja nikamkaba nao ili aonje alichokuonjesha, mwingine nikampiga nao usoni mpaka nikahisi mfupa unalegea chini ya ngumi. Alipoanguka, jicho lilikutana na kona ya toroli la dawa. Walinzi wanne ndio walionitoa juu yake, na mmoja nilimng'ata. Sijuti. Nilijisikia mwepesi kama nimetua gunia.

Miaka miwili iliyopita ulivimba shavu ukaniambia umejigonga mlangoni. Mlango wenyewe nikaenda kuuangalia, unafunguka kwa nje. Baadaye mumeo akakiri kwamba alikupiga kofi, nami nikamwambia mbele yako kwamba mara ya pili hatutazungumza. Mimi nimetimiza neno langu.

Humu ndani wananiheshimu. Asubuhi tukitolewa uani wanapanga foleni niwaalishe shingo, kama tunavyofanyiana makuli ghalani tukishamaliza kushusha, na kama ninavyokufanyia wewe nikija likizo. Shingo inalia ka, mtu anaondoka anacheka. Hata askari mmoja amekuja kukaa kwenye foleni.

Wewe pona tu. Mengine niachie.

Kaka yako,
Winchi


Nyumbani, 11 Juni

Kaka,

Barua hii nimeiandika kwa siku tatu. Usicheke herufi. Mkono wa kulia haunisikii, nikiutuma kwenye kikombe unakipita, nikiutuma puani unafika sikioni. Hata hivyo kuandika ni afadhali kuliko simu, sauti imekauka na maneno yanateleza, anayenisikiliza anadhani nimelewa.

Mpira wameutoa na juzi nimeruhusiwa. Maji nakunywa yaliyofanywa mazito, ya kawaida yananipalia. Jirani ndiye ananisaidia. Jana alikuwa anapiga pasi, mimi nikaegemeza mkono wa kushoto mezani huku namsikiliza. Upande huo wa mwili hausikii moto tena. Tulichokijua kwanza ni harufu. Jirani akapiga ukelele, nikatazama, ngozi ya mkono wangu imebaki kwenye pasi na mimi nilikuwa natabasamu.

Sasa nisikilize. Si yeye. Mume wangu hakunigusa shingo, si siku hiyo wala siku nyingine. Daktari amesema mshipa unaweza kuchanika hata wenyewe, wako waliochanika kwa kupiga chafya. Nenda kwa mkuu wa mahabusu, mwambie ulikosea. Mwandikie shemeji yako umwombe radhi. Amepelekwa hospitali ya macho, safari ya siku nzima kutoka hapa, na jana wamelitoa jicho la kushoto. Yeye ni mchomeleaji, kaka. Anaishi kwa kuona mstari wa moto usiozidi upana wa kucha.

Usiniulize zaidi ya hapo. Si yeye.

Bobini


Mahabusu, 16 Juni

Bobini,

Hii haipiti kwa askari. Leo ni siku ya wageni na Koleo, kuli mwenzangu, yuko dirishani ananisubiri nimalize, atakuletea mkononi.

Barua yako ilifika imeshafunguliwa, na askari aliyeisoma alicheka alipofika kwenye chafya. Mimi napiga chafya za saruji mwaka wa kumi na nne huu, haujanichanika hata mshipa wa puani. Mara ya kwanza ulikuwa mlango, mara hii chafya, kesho utaniambia ni mbu.

Nakujua, Bobini. Mama alipofariki ulikuwa na miaka sita na mimi kumi na mitano. Nilikufunga mgongoni nikapakia magari, mchana tukala sahani moja. Najua unavyodanganya. Ukiwa na ukweli unaongea mpaka mtu achoke, ukiwa na uongo unakata maneno mafupimafupi. "Si yeye." Basi ni nani? Karatasi nzima umeijaza na hujaandika nani. Mkono wako ulisema siku ambayo hukuwa na nguvu ya kutunga, na mimi naamini mkono.

Nimeambiwa mumeo anaruhusiwa hospitalini tarehe sita Julai, Jumamosi, na atarudi na basi la mchana. Koleo, Msumari na Mrefu watampokea stendi. Watakuja na kulabu zao za magunia. Nimewaambia mikono yote miwili, ivunjwe mahali ambapo haiungi, asije akashika shingo ya mtu tena. Wakizidisha, wamezidisha, sitawalaumu.

Siku hiyo usitoke nje. Sitaki uone.

Winchi


Nyumbani, 20 Juni

Mume wangu,

Pole na maumivu. Najua barua za hospitali zinaanza kwa kuulizana hali, lakini leo sina nafasi hiyo. Usije tarehe sita. Kaka amewatuma makuli watatu wakusubiri stendi na kulabu. Koleo mwenyewe alikaa kwenye kiti chako akanipa barua, akaomba maji, akanywa. Nilijaribu kumwambia kwamba wewe huna kosa. Sauti ilitoka inakwaruza, nusu ya maneno hakuyapata, na nusu aliyoyapata akayajibu kwa upole, akasema pole dada, sisi tunamsikia Winchi.

Kilichotokea unakijua wewe na nakijua mimi. Ile Jumamosi kaka alipokuja likizo ulikuwa mlangoni unafunga viatu. Mimi nikalalamika shingo imekaza kwa ajili ya yale magauni kumi na mawili ya kwaya. Akasema kaa hapa. Akanikalisha kwenye stuli ya cherehani, akanipitishia mkono chini ya kidevu, mwingine akauweka utosini, akaniambia nihesabu mpaka tatu. Nilipofika mbili akapindua. Ilialika kwa nguvu, ukasema umeisikia mpaka mlangoni, tukacheka wote. Sikuwaambia kwamba nilihisi kitu cha moto kinavutwa nyuma ya sikio. Nilidhani ndiko kulegea kwenyewe. Siku tisa kichwa kikaniuma upande uleule, nikawa nameza dawa za maumivu na kuendelea kushona. Siku ya kumi sindano ikawa mbili, meza ikainuka, nikaanguka na magauni ya watu.

Daktari alipotuuliza kama kuna mtu aliyeipinda shingo yangu, wewe ulimweleza na mimi nikiwa nasikia. Akasema hawezi kuapa, lakini kwa siku zilivyofuatana hiyo ndiyo sababu anayoiona.

Kuna jambo hulijui. Kaka alipouliza nani, nilitaka kumwonyesha yeye. Bila hasira, basi tu, kama mtu anayesema ni wewe kaka, ile Jumamosi. Mkono ukampita. Niliuona unakwenda kwako na sikuweza kuurudisha. Halafu nikalala pale nikasikiliza ukuta wa koridoni. Nilisikia kila pigo. Nilitaka kupiga kelele, kikatoka kikohozi, nesi akaja kuniweka sawa mto.

Sijamwambia. Nikimwambia atajidhuru, namjua. Nikienda polisi kuwataja kina Koleo namwongezea kesi juu ya kesi. Yeye ndiye aliyenilea. Nakuomba wewe tu usije.

Mkeo


Hospitali ya macho, 24 Juni

Mke wangu,

Nimekusoma kwa jicho moja, kwa hiyo nikiwa nimeruka mstari unisamehe. Shimo linasafishwa kila asubuhi. Nesi anaingiza pamba kwa koleo dogo na mimi nashika chuma cha kitanda mpaka kinalia. Upande ule ambao hakuna kitu bado naona cheche, kama nimechomelea bila miwani.

Yale ya mkono sikuyajua. Nilikuwa nimelala hapa wiki tatu nikijiuliza kwa nini ulinionyesha mimi. Ahsante kwa kuniambia, ingawa umechelewa.

Huenda unajiuliza kwa nini sikumwambia palepale koridoni. Nilijaribu. Kila nilipofungua mdomo nimwambie "ni wewe", alidhani naomba huruma, akanikaza koo. Mara ya tatu nikaacha kutafuta maneno nikatafuta pumzi. Polisi walipokuja kuandika maelezo niliwaambia sijui aliwaza nini. Nilinyamaza kwa ajili yako, yeye simdai wala hanidai wema.

Lakini sasa nimechoka kunyamaza. Lile kofi ni langu. Nilikupiga, ulikuwa umeshika sahani, na mpaka leo ukinyanyua mkono haraka karibu yangu naona unavyojikunja kidogo. Kaka yako angenitoa jicho siku ile ningesema amezidisha, ila nimejitakia. Hakunitoa jicho kwa kofi. Amenitoa jicho kwa kitu alichokifanya mwenyewe kwa mikono yake miwili huku tunacheka.

Tarehe sita narudi. Kitanda kinatakiwa na mwingine, na siendi kujificha kwenye mji nisioujua kwa kosa lisilo langu. Unaogopa kaka yako atajidhuru. Huenda. Na mimi je? Watu wawili uko nao mkononi na umeamua nani wa kumlinda. Sikugombezi, alikulea. Nataka tu ujue kwamba umeamua. Mimi ulinilinda kwa kusingizia mlango, na kwa sababu ya mlango ule leo ukisema kweli hakuna anayekuamini.

Mwandikie. Uandike wewe, maana kwangu mimi hataamini hata salamu.

Mumeo


Nyumbani, 28 Juni

Kaka Winchi,

Kaa chini kwanza. Usisome umesimama, na usiwe karibu na mtu.

Uliniuliza nani. Ni wewe.

Nilikudanganya kuhusu mlango, kwa hiyo najua neno langu kwako limeshapungua uzito. Sitakuapia. Kumbuka tu ile Jumamosi. Uliniambia nihesabu mpaka tatu na ukapindua kwenye mbili. Hapohapo ulinichana. Sikuanguka siku ile kwa sababu mshipa hauui papo hapo, damu inajikusanya kwenye mchaniko polepole, na mimi nilikaa siku tisa na maumivu ya kichwa nikakuambia kwenye simu kwamba niko vizuri, ahsante kaka, umenilegeza.

Daktari nimemwomba aandike kwa mkono wake, karatasi yake nimeiweka humu. Ameandika na habari ya mkono wangu wa kulia, kwamba haufiki unakotumwa. Siku ile niliutuma kwako. Ulikuwa umesimama mbele yangu na yeye pembeni, nikautuma kwako, ukapitiliza. Ukampiga mtu kwa sababu ya mkono mgonjwa.

Hukujua. Hata mimi sikujua, nilikaa kwenye stuli mwenyewe, nikainua kidevu mwenyewe. Umenifanyia hivyo tangu nina miaka kumi na sijawahi kuumia. Kwa hilo sina kinyongo, na ukitaka kuniuliza mara mia nitakujibu hivyohivyo mara mia. Nimekaa wiki nne nikikuficha kwa sababu niliogopa kitakachokupata ukijua. Nilikosea. Kukuficha kumemfanya mtu mwingine abebe kilicho chako.

Hao wanaokupangia foleni asubuhi, waache leo.

Na unajua kuna nini tarehe sita. Siandiki zaidi kwa sababu barua hii inasomwa. Kikitokea, na wewe ulikuwa umeshaisoma hii, sitakuwa na kaka. Nimeandika sentensi hiyo mara nne kwenye karatasi nyingine ili nijue kama naiweza. Naiweza.

Na wewe usijiguse. Ukijiua, na la tarehe sita likatokea, utakuwa umeniachia maiti mbili badala ya moja, na mimi hata ndoo ya maji siwezi kuinua.

Bobini


Mahabusu, 4 Julai

Bobini,

Imenifikia jana.

Nilisema ni uongo. Nilisema shemeji amekushikia kisu uandike. Nikaikunja nikaitupa, nikaiokota. Halafu nikarudi pale kwenye mbili. Hakuna anayejua kwamba napindua kwenye mbili. Mtu akisubiri tatu anakaza shingo, kwa hiyo namuwahi. Hiyo ni siri yangu ya kazi, hata kina Koleo sijawafundisha. Mumeo hawezi kuitunga.

Nikapiga kichwa kwenye ukuta wa seli, nikapiga tena, wenzangu wanne wakanilalia juu mpaka nikatulia. Paji la uso limeshonwa nyuzi saba. Ulisema nisijiguse, nilikuwa bado sijafika kwenye mstari huo.

Nikakumbuka tarehe. Siku ya wageni ni Jumapili na basi ni Jumamosi. Simu haturuhusiwi. Barua haiwezi kuwawahi. Ilibaki njia moja, nikaenda kwa mkuu wa zamu nikamwambia nimewatuma watu watatu wakamvunje mtu mikono stendi. Alidhani kichwa kimenichanganya. Mahabusu hajiongezei kesi. Nikamtajia. Koleo, Msumari, Mrefu, nikataja majina yao ya vyeti, wanapolala, ghala letu, zamu yao. Watu niliokula nao miaka kumi na minne. Koleo ndiye aliyenikamata mguu nilipoteleza juu ya lundo la magunia, bila yeye mgongo wangu ungekuwa umevunjika. Nimemtaja wa kwanza.

Mkuu wa zamu akaandika kwenye daftari. Akauliza tena tarehe. Akafunga daftari, akaenda kula.

Sijui kama amempigia mtu yeyote. Niko hapa nasubiri Jumamosi na sijui.

Winchi


Nyumbani, 12 Julai

Shemeji,

Salamu sina. Nakuandikia kwa sababu mke wangu ameniambia unasubiri huko bila kujua, na mimi simfanyii hivyo hata mbwa.

Polisi waliwachukua wawili Jumamosi asubuhi ghalani. Mrefu hakuwa zamu, wakamkosa. Nilishuka kwenye basi na begi begani, akanijia upande wa kushoto, upande ambao siku hizi sina habari nao. Sikumwona. Nilichokisikia ni kulabu ikiingia chini ya mfupa wa bega. Akanivuta kama mnavyovuta magunia yenu, hatua tano, sita, nakwenda kinyumenyume na begi bado nimelishika. Akaniambia sikioni, hii ni ya Winchi. Akanyanyua nondo kwa mkono wa pili. Pigo la kwanza lilivunja mkono wa kushoto juu kidogo ya kifundo. La pili halikufika.

Abiria walimwangukia. Unajua watu wa stendi. Walianza kwa ngumi, wakaenda kwenye mawe, mmoja akaleta tairi. Mrefu akawa chini, mdomo umejaa damu, anajaribu kusema kitu na kila akifungua mdomo kiatu kinaingia. Nilikijua kile kitu. Nimeshawahi kuwa na maneno mdomoni nikakosa nafasi ya kuyatoa. Nikajitupa juu yake, kulabu yake bado imo mwilini mwangu, nikawaambia kama ni kumuua mtupitie wote wawili. Walinipiga viatu viwili vitatu kabla hawajanielewa. Polisi wakafika.

Kwa hiyo mikono yangu ni mmoja na nusu, jicho moja, na Mrefu yuko hai. Wenzako wote watatu wanajua ni nani aliyewataja.

Sasa sikia. Ile shingo, mimi sina kesi na wewe. Ulimshika dada yako kwa nia njema na hukujua, na hata mimi nilikuwa pale nacheka. Angekulaumu mtu yeyote kwa hilo ningekutetea. Koridoni ulijua ulichokuwa unafanya. Ulijua ni uso wa mtu, ulijua ni koo la mtu, na ulipohisi linalegea hukuacha. Stendi ulijua vilevile, na ulikuwa na wiki mbili za kufikiri. Watu wamekuja kuniomba nifute kesi kwa sababu sisi ni familia. Sifuti. Nitapanda kizimbani na shimo langu nitawaonyesha. Nitasema pia kwamba ulijitaja mwenyewe kuniokoa, kwa sababu ni kweli.

Ukitoka, kama nitakuwa nimeweza kukutazama, nitakutafuta. Usinitafute wewe.

Shemeji yako


Gerezani, 23 Julai

Bobini,

Wiki iliyopita nilikiri yote mawili, la koridoni na la stendi. Hakimu alitaka kujua kama nina la kujitetea, nikasema sina. Miaka saba. Shemeji alisema kama alivyoahidi, hakuongeza na hakupunguza. Alipotoa kitambaa alichofunikia shimo la jicho nililazimisha shingo yangu isigeuke. Niliangalia.

Wewe ulikuwa kwenye benchi la nyuma na fimbo yako. Niliona unavyoegemea kulia. Nilitaka kukupungia mkono, nikaona bora nisipunge.

Humu wanajua kwamba niliwataja watu. Hilo halisameheki. Juzi bafuni walinivunja mbavu mbili na meno ya mbele. Silalamiki, nakuambia ili usisikie kwa mwingine. Kuna mzee mmoja tu anayezungumza nami. Asubuhi alikaa mbele yangu uani, akainamisha kichwa, akasema kijana nilegeze, nimesikia una mkono mzuri. Nikamwambia dada yangu yuko nyumbani hawezi kupitisha uzi kwenye sindano kwa ajili ya mkono mzuri. Nikarudi ndani.

Naomba usije siku ya wageni. Nakuomba sana. Naiogopa hii mikono. Nikiwa nimelala nailalia. Ukija utataka nikushike, na mimi sitaki kukushika tena mpaka nife. Niandikie tu, inatosha. Au usiandike, nitaelewa.

Kaka yako, kama bado naruhusiwa kusaini hivyo,
Winchi


Nyumbani, 4 Agosti

Kaka,

Umeniomba nisije. Hapana.

Umri wangu wote wanaume wawili mmekuwa mnaniamulia nini nione na nini nisione. Wewe uliniambia nisitoke nje watu wakivunjwa. Mume wangu alinyamazia maumivu yake ili mimi nipone. Na mimi nimewafuata, nikajifunza kuficha, nikaficha vizuri kuliko nyinyi wote, na kila nilipoficha kuna mtu alilazwa. Sitaki tena. Mimi ndiye niliyechanika. Nani wa kukasirikiwa na nani wa kukaliwa mbele yake nitachagua mimi.

Nina hasira na wewe, usidhani sina. Mume wangu anapiga hatua, anagonga kiti upande wa kushoto, anatukana, na mimi nakukasirikia. Juzi alitaka kuwasha mashine ya kuchomelea, akatoboa chuma cha watu, akakaa chini akalia mbele ya wateja. Siku hiyo nilikukasirikia mpaka nikashindwa kumeza. Nitakuja nayo hiyo hasira, nitakueleza yote, utaisikia kwa sauti yangu hii mbovu na itabidi uinamishe sikio karibu ili uielewe.

Halafu nitakaa. Kama huna la kusema tutakaa hivyohivyo mpaka kengele ilie. Sijakuomba unishike. Nimekuomba uwepo kwenye kiti.

Mume wangu atanifikisha getini. Amesema haingii, sasa wala mwakani, na mimi sitamwomba. Nitaingia peke yangu.

Jumapili ijayo, saa nne. Nawa uso uje.

Mdogo wako